Satelaiti ya juu, satelaiti za chini au 4G yenye antena ya nje: ipi inafaa nyumbani?

Msaka_Mawimbi

Wakuu, heshima zenu. Naomba ushauri kabla sijajifunga na mkataba mwingine. Nyumbani natumia intaneti ya satelaiti, ile ya dishi la bakuli linalotazama upande mmoja wa anga mwaka mzima. Miezi kadhaa sasa inanichosha. Mvua ikinyesha mtandao unakata, na hata mvua ikiisha haurudi sawasawa mpaka kesho yake. Mikutano ya video nayo ni mateso: naongea, mwenzangu yuko kimya, naanza tena, naye anaanza palepale, tunagongana. Usiku natuma mafaili makubwa ya kazi.

Nina njia tatu mbele yangu. Kwanza, kutengeneza hili nililonalo. Pili, kuhamia satelaiti za chini kama Starlink. Tatu, ruta ya 4G yenye antena ya nje, ingawa mnara uko mbali na simu ndani ya nyumba inashika kijiti kimoja. Nyumba imezungukwa na miti mirefu. Mkongo haujafika. Ningekuwa nyinyi, nichague ipi?

FundiKebo

Ndugu, usichague bado. Umetaja maradhi mawili tofauti ukayaweka kwenye kapu moja.

Mvua nzito hupunguza mawimbi ya satelaiti, hilo ni kweli kwa kila kampuni. Masafa ya Ku na Ka yanayobeba intaneti hii, kuanzia gigahezi 12 hivi kwenda juu, hunyonywa na kutawanywa na matone. Lakini wingu likishapita, mawimbi hurudi ndani ya dakika chache. Kwako yanachukua hadi kesho. Hiyo si mvua ya angani tena, hayo ni maji yaliyoingia kwenye kebo au konekta, na yanahitaji jua la kutosha ndipo yakauke.

Zima modemu kabisa ukutani kabla ya kugusa chochote, maana kebo ile inapeleka umeme hadi kwenye kichwa cha dishi. Halafu fungua konekta ya kule dishini. Ukikuta waya wa shaba wa katikati umeingia weusi au ukijani, umempata mwizi. Kata kebo nyuma mpaka ufikie shaba safi, funga konekta mpya ya kubana, si ile ya kuzungusha kwa mkono, kisha ifunike kwa utepe wa mpira wa kuzuia maji. Kabla kebo haijaingia ukutani, iache ining'inie kama herufi U ili maji yadondoke pale chini badala ya kuifuata hadi ndani.

Na tafadhali, usilegeze boliti za dishi. Satelaiti yako iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Dishi likigeuka nyuzi moja tu, kule juu umekosea kwa zaidi ya kilomita 600. Kulitega upya kunataka kipimo, hakuendi kwa macho.

Bi_Subira

Nakubaliana na FundiKebo kuhusu mvua, ila ndugu yetu asidhani konekta itamponya kwenye mikutano. Huo ugonjwa wa pili hauna dawa duniani. Neno lako linapanda kilomita 35,786, linashuka nyingine kama hizo, na jibu linasafiri hivyohivyo kurudi. Jumla ni zaidi ya kilomita 143,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, hiyo ni karibu milisekunde 480 kabla hujahesabu modemu na seva. Ndiyo maana pingi ya satelaiti ya juu, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, hucheza kwenye milisekunde 600 na kuendelea, hata siku dishi likiwa zima kabisa.

Satelaiti za Starlink nyingi ziko chini ya kilomita 600, na pingi ya kawaida huwa kati ya milisekunde 25 na 60. Za OneWeb, kampuni nyingine ya satelaiti za chini, ziko kilomita 1,200. Kwa mtu anayeishi kwa mikutano ya video, mimi nisingehangaika na ulinganisho mwingine.

Ongezea hili kama kazini mnatumia VPN, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi. Modemu za satelaiti ya juu zina ujanja wa kujibu seva mapema kwa niaba ya upande wa pili, ili mwendo usipungue kwa sababu ya umbali. VPN inaficha data yote, ujanja huo unashindwa kufanya kazi, na kasi inaanguka.

Paa_la_Bati

Bi Subira, kwa heshima, umeruka neno moja zito sana: miti.

Mimi nilihama kutoka ya juu kwenda ya chini, na wiki tatu za kwanza nilijuta. Satelaiti ya juu imesimama mahali pamoja angani. Ukipata uwazi mdogo katikati ya matawi kuelekea kwake, umemaliza. Za chini hazisimami, kila moja inakatiza anga lako kwa dakika chache na dishi linarukia inayofuata. Kwa hiyo linahitaji kuona sehemu kubwa ya anga bila kizuizi. Mti mmoja uliokuwa ukinizibia kona ulinikatia mtandao kwa sekunde chache, mara nyingi kwa saa. Video ya kutazama huwezi hata kugundua, kwa sababu imeshapakua mbele. Mkutano unaganda.

Programu ya simu ina kipimo cha vizuizi. Kabla hujaagiza kitu, panda na simu hadi pale unapotaka kuweka dishi, upige picha ya anga kwa programu hiyo. Usipimie uani halafu ukafunga paani, wala usipimie paani ukafunga uani. Mimi nilipandisha dishi kwenye mlingoti juu ya kipeo cha paa, na tangu hapo niko salama.

Umeme pia uupigie hesabu. Dishi la kawaida la Starlink linakula wastani wa wati 75 hadi 100, lile dogo liitwalo Mini wati 25 hadi 40. Likiwaka saa 24, la kawaida linamaliza kati ya yuniti 1.8 na 2.4 kwa siku. Kama unaishi kwa sola na betri, hilo ni jambo la kulala nalo macho.

MkeshaUsiku

Naona 4G mmeipita haraka. Kijiti kimoja ndani hakituambii kitu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, na SINR, yaani mawimbi hayo yanavyozidi kelele. RSRP ya -80 hadi -95 inafanya kazi vizuri, ikifika -110 unahangaika. SINR ndiyo ninayoiamini zaidi: ikiwa juu ya 10 mambo mazuri, ikiwa chini ya 0 hata antena kubwa itakuletea kelele kubwa tu.

Kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni antena juu ya paa, halafu mita 20 za kebo nyembamba hadi kwenye ruta sebuleni. Nguvu yote uliyoipata juu imeliwa njiani. Bora ruta ya nje yenye antena ndani yake, ikae mlingotini, kisha kebo ya mtandao ishuke. Hiyo inaenda mita 100 bila shida.

Ila kwa mafaili makubwa ya usiku angalia bando kwanza. Na 4G huwa inazidiwa jioni, watu wote wakirudi nyumbani.

FundiKebo

Hapo kwenye jioni pana somo. Andika saa ambayo mtandao unazingua, kwa wiki nzima. Ukidorora kila siku kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano, ni msongamano, na hakuna kitu utakachofunga ndani ya nyumba kikauondoa. Ukikata kwa sekunde chache bila saa maalumu, tazama vizuizi. Ukikata dakika kadhaa mchana saa ileile kwa siku chache mfululizo, karibu na Machi au Septemba, jua limepita nyuma ya satelaiti yako ya juu na kelele zake zimefunika mawimbi. Hilo litaisha lenyewe, usimwite fundi.

Tena piga pingi tatu kwa pamoja: kwa ruta, kwa modemu, na kwa 1.1.1.1, ambayo ni seva ya nje kwenye intaneti. Ya ruta ikiruka ovyo, ugomvi ni wa waifai na anga halina kosa.

Msaka_Mawimbi

Nimerudi na majibu, na nawashukuru kwa moyo wote.

Konekta ya dishini ilikuwa ya kijani kabisa, maji yalidondoka nilipoifungua. Nimekata kebo na kufunga mpya kama alivyoeleza FundiKebo. Juzi imenyesha mvua kubwa: mtandao ulikata dakika saba, ukarudi wenyewe, na asubuhi ukawa mzima.

Pingi ya ruta nikiwa sebuleni ni milisekunde 3. Chumba cha kazi inaruka hadi 200. Kumbe ruta ilikuwa nyuma ya kabati la chuma, na kompyuta inang'ang'ania waifai ya gigahezi 5 kupitia kuta mbili. Nimevuta kebo ya mtandao hadi mezani. Pingi ya nje sasa imetulia kwenye 640, kama alivyosema Bi Subira, na kwenye mikutano bado tunagongana maneno.

4G: RSRP -112, SINR 1, hata juu ya paa. Nimeiondoa.

Nimepima anga uani, programu ikaonyesha miti kila upande. Juu ya kipeo cha paa palikuwa na tawi moja tu pembeni, na mlingoti wa mita mbili unalivuka. Kwa hiyo naenda satelaiti za chini. Dishi la zamani siliondoi mpaka jipya limalize mwezi mmoja likifanya kazi, mafaili ya usiku yapite kwenye hilo la zamani.

Bi_Subira

Umefanya vizuri kusubiri huo mwezi. Jambo moja kama una kamera unazozitazama ukiwa mbali: angalia anwani ya IP ambayo ruta imepewa kwa upande wa nje. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, unachangia anwani moja na wateja wengine na huwezi kuifikia kamera moja kwa moja kutoka nje. Chagua kamera inayopitia seva ya mtengenezaji wake, au uweke VPN inayoanzia ndani ya nyumba.

Paa_la_Bati

Na usijaribu kupitisha dishi jipya kwenye kebo ya lile la zamani. Ile ni ya koaksi, kama ya antena ya TV, hili linatumia kebo yake ya mtandao inayobeba na umeme. Toboa tundu jipya, lielekeze chini kidogo kwa upande wa nje, uzibe kwa silikoni. Mlingoti uunganishe na waya wa ardhi kabla hujapandisha dishi.