Tupeane uzoefu: tuliokulia vijijini na miji midogo ya Uingereza

Mwanzilishi

Wapendwa, salaam. Tukikutana huku ughaibuni, stori za utotoni huwa ni za London, Birmingham na Leicester, ambako ukitoka mlangoni tu unakutana na mtu wa kwenu. Tupo wengine tuliokulia mahali ambapo basi lilipita mara mbili kwa siku, na Mwafrika darasani ulikuwa wewe peke yako. Leo naomba na sisi tuseme. Leteni vile vitu vidogo vidogo ambavyo ukivikumbuka moyo unaruka.

Naanza mimi. Tulitoka Unguja 1981, nikiwa na miaka saba, tukafikia Rushden, mji wa mafundi viatu kule Northamptonshire. Baba alipata kazi ya kukata ngozi kiwandani. Hadi leo nikiingia duka la viatu namuona baba anavua koti lake jioni.

Alfajiri, kungali giza, nilikuwa nasikia gari la maziwa. Lilikwenda kwa umeme, halingurumi, unachosikia ni chupa zikigongana tu. Chupa mbili zinaachwa kizingitini na hapana anayeziiba. Mama jambo hilo lilimshangaza kuliko theluji. Ila ukichelewa kuziingiza ndani, vindege vyenye kifua cha manjano vinatoboa kifuniko na kunywa malai yote ya juu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Oktoba. Njia ya shule ilikuwa na miti mikubwa inayoangusha tunda la miiba. Ukilipasua, ndani mna kokwa la hudhurungi linalong'aa kama limepakwa mafuta. Wenzangu waliziita konka. Walizitoboa, wakazitia kamba ya kiatu, mmoja akaininginiza yake na mwenziwe akaichapa kwa yake, mpaka moja ipasuke. Wajanja waliziloweka kwenye siki zikakomaa.

Siku moja nikarudi nyumbani na mfuko mzima. Baba akachungulia, akasema, "Mwanangu, mbona hizi ni komwe!" Jumamosi akachukua kijiko cha bustani, akachimba mashimo 32 kwenye udongo nyuma ya nyumba, safu nne za nane nane, tukahesabu kete 64. Bao nilijifunzia hapo, tumechuchumaa na makoti yetu, pua zinachuruzika, mama anatuita ndani na hatusikii. Baada ya wiki mbili konka zilififia zikakunjamana, mvua ikafukia mashimo. Mwaka wa pili tukachimba tena.

Binti Kampala

Kaka, umenitoa machozi na hilo bao.

Mimi ni Mhindi wa Kampala, Kiswahili nilikipata dukani kwa baba. Mwaka 1972 Amin alipotupa siku 90 tuondoke, sisi tulipelekwa Stradishall, Suffolk, kambi ya zamani ya jeshi la anga katikati ya mashamba. Nilikuwa na miaka tisa na gauni la pamba. Akina mama wa kujitolea walikuwa wamepanga meza ndefu za nguo za msaada, na mmoja akanivalisha koti la sufu, la kijani, linanifika chini ya magoti. Ndani ya kola palishonwa utepe mweupe wenye jina la mtoto mwingine kwa uzi mwekundu. Nililala nalo siku nyingi. Chakula kilikuwa viazi na kabichi ya kuchemsha, na mama alizunguka kambi nzima akiulizia pilipili.

Usiku wa tarehe 5 Novemba milio ikaanza. Mama alituvuta sote chini ya kitanda akatuziba midomo. Alijua ni askari, kwa sababu Kampala tulishaisikia milio ya namna hiyo, na walikuja kweli. Baadaye sana mtu wa kambi akatukuta pale chini, akatueleza kwamba ni fataki, kwamba kila mwaka watu huwasha mioto kukumbuka njama ya 1605 ya kulipua Bunge. Mama hakutoka kwenda kuangalia. Hata tulipohamia mji mdogo hukohuko Suffolk, siku hiyo alikuwa akifunga mapazia mapema.

Abu Hampshire

Yangu fupi. Ramadhani ya 1983 iliangukia Juni. Jua linazama saa tatu na dakika ishirini usiku! Wenzangu mtaani wanacheza mpira hadi saa hiyo, mimi nimekaa dirishani na tende mkononi. Mama alituruhusu wadogo kufunga mpaka adhuhuri, lakini mimi nilitaka kutimiza hata moja. Nilitimiza moja, siku ya Ijumaa, na bibi wa Kiingereza wa nyumba ya pili, aliyekuwa akiniona pale dirishani, akaniletea keki baada ya magharibi.

Mtu wa Ng'ombe

Sisi ni wa Kajiado. Mama alikuwa muuguzi, tukaishi kijijini karibu na Penrith, Cumbria. Mwaka 2001 ulipoingia ugonjwa wa miguu na midomo, njia za mashambani zilifungwa, na barabarani walitandaza mikeka iliyoloweshwa dawa. Nchi nzima waliua mifugo zaidi ya milioni 6, na Cumbria ndiyo iliyoumia kuliko kote.

Ng'ombe wa jirani yetu hawakuwa wagonjwa. Waliuawa kwa sababu shamba la pili lilikuwa na ugonjwa. Baba alisimama uani akiangalia moshi, na usiku ule hakula. Kesho yake akapika chai ya maziwa, ya tangawizi, akaitia kwenye thermos na kuitundika kwenye geti la jirani, maana kuingia ilikuwa marufuku. Jioni tukaikuta palepale, tupu, imeoshwa. Akafanya hivyo siku nane. Nilichokuwa nakisikia zaidi wakati huo ni ukimya, asubuhi bila ng'ombe hata mmoja kulia.

Mwanzilishi

Mtu wa Ng'ombe, mfikishie mzee shikamoo yangu. Binti Kampala, dada, lile koti liliishia wapi?

Binti Kampala

Ninalo. Binti yangu alilivaa, sasa mjukuu. Vifungo nimeshabadilisha vyote. Utepe wa jina sijaugusa.