Tupeane uzoefu: uliwezaje kuacha "nitafanya kesho"?

Mleta mada

Wadau, habari zenu. Naomba hapa tuweke yale tuliyopitia wenyewe. Kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo tumeimbiwa tangu utotoni, na kujua huko peke yake hakujamwondoa mtu kitandani. Ninachotaka kusikia ni kazi gani hasa ulikuwa unaisogeza mbele, na nini kilikufanya ukaianza.

Nianze mimi. Kazi yangu ni kuandika ripoti, na nilipojichunguza niliona kwamba siahirishi kila kitu. Barua pepe najibu mapema, vikaoni nafika kabla ya muda, takwimu nakusanya bila kusukumwa. Kinachokwama ni sehemu moja tu, ile ya mapendekezo, ambako natakiwa kusema kwa jina langu nini kifanyike. Nikifika hapo ndipo hamu ya kupanga upya mafaili ya kompyuta inaponijia. Muda ninao na uvivu sina. Naogopa kukosolewa.

Mwaka 2013 watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika kwamba mtu anayeahirisha anatafuta nafuu ya moyo kwa sasa hivi, na gharama anamwachia yule mtu wa kesho, ambaye ni yeye mwenyewe. Hoja hiyo ilinibadilisha. Zamani nilijiuliza "kwa nini sina nidhamu?", swali lisilo na jibu. Sasa najiuliza "hapa nakimbia nini?", na jibu hupatikana. Siku hizi mapendekezo nayaandika kwanza kabisa, kabla hata ya utangulizi, tena ovyo ovyo kwa ajili ya macho yangu tu. Nikishakuwa na ukurasa mbovu mbele yangu, kazi iliyobaki ni kuhariri, na kuhariri hakunitishi.

Mchangiaji, mwanafunzi wa uzamili

Asante kwa mada hii, imenigusa. Mimi ni tasnifu. Kila asubuhi niliandika kwenye daftari "kuandika sura ya tatu", jioni naihamishia ukurasa wa kesho. Siku moja msimamizi wangu akaniuliza: utaandika saa ngapi, ukiwa umekaa wapi, na sentensi ya kwanza itahusu nini? Sikuweza kumjibu hata moja kati ya hayo matatu.

Tangu siku hiyo naandika hivi: "Nikishatoka kuoga asubuhi nakaa kwenye meza ya dirishani, nafungua jedwali la pili, naeleza safu ya kwanza." Basi. Sura ya tatu haitajwi kabisa, maana sura nzima haifanyiki kwa mkao mmoja, ila safu moja ya jedwali inafanyika. Baadaye nilikuta mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer, aliandika kuhusu mipango ya namna hii mwaka 1999: unalifunga tendo kwenye wakati au tukio fulani, kiasi kwamba tukio likifika tendo linaanza lenyewe bila mjadala kichwani. Ule mjadala ndio uliokuwa unanila.

Jambo jingine ninalofanya jioni: naacha sentensi katikati, makusudi, huku najua itaishia vipi. Kesho yake siketi mbele ya ukurasa mtupu. Naketi kumalizia sentensi.

Mchangiaji, fundi cherehani

Kwenye ufundi wetu kinachochelewa siyo kushona. Kushona ni raha, mashine inakwenda. Kinachoahirishwa ni kukata, hasa kitambaa cha mteja kikiwa na maua yanayotakiwa kukutana kwenye mshono. Mkasi ukishapita hakuna kurudi. Kwa hiyo kitambaa kinakunjwa, kinawekwa chini ya vingine, na mteja anaambiwa "njoo keshokutwa".

Nilichofanya: kukata nguo ngumu ni kazi ya alfajiri, kabla mteja hajaingia na kabla sijafungua simu. Natandika, napima mara mbili, nachora kwa chaki, nakata. Mchana ni wa kuunga, kutia zipu na kupiga pindo, kazi ambazo hata ukikatizwa unarudi ulipoishia.

La pili ni ahadi. Nilianza kuandika kwenye daftari saa ya kuanza na saa ya kumaliza kila nguo. Nikaona kwamba siku zote nilikuwa nahesabu muda wa cherehani peke yake. Kupima, kukata, kujaribisha, kufumua bega na kulirudia havikuwemo kwenye hesabu. Sasa tarehe ninayompa mteja inatoka kwenye daftari, kichwani sichukui tena.

Mleta mada

Fundi, hapo umegusa jambo ambalo Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979. Tukikadiria muda wa kazi tunajenga picha ya kazi itakavyokwenda vizuri, na hatuangalii kazi kama hizo zilichukua muda gani huko nyuma. Dawa ni hiyo hiyo ya daftari lako. Naomba kila anayesoma aijaribu hata kwa kazi moja anayoirudia mara kwa mara.

Mchangiaji, mama wa watoto wawili wadogo

Naomba niseme kwa niaba ya wenzangu. Ushauri mwingi wa muda umeandikwa na watu wanaoweza kufunga mlango. Mimi mlango wangu unagongwa. Nikiambiwa "tenga saa mbili za utulivu" nakata tamaa kabla sijaanza.

Kilichonisaidia ni kuzigawa kazi kwa hali ninayokuwa nayo, siyo kwa saa. Zipo za mtoto akiwa mapajani: kusikiliza somo, kujibu ujumbe mfupi, kufikiria. Zipo za watoto wakicheza karibu: kukunja nguo, kupanga orodha, kujaza fomu. Na zipo zinazotaka kimya kabisa. Kwangu ni masomo ninayochukua kwa njia ya mtandao. Kimya nakipata wakilala mchana, na kwa muda mrefu nilikitumia kuosha vyombo, kwa sababu vyombo vinaonekana na masomo hayaonekani. Vyombo vinaweza kuoshwa watoto wakiwa macho. Nilipokubali sinki libaki limejaa wakati wao wa kulala, nikaanza kusonga. Dada zangu, hiyo picha ya sinki inauma mwanzoni, lakini mtazoea.

Mchangiaji, mhasibu

Mimi natumia dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, mtindo aliouanzisha Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi. Simu inakaa chumba kingine. Kwa kazi ya kulinganisha hesabu haina mpinzani, maana hakuna asiyeweza kuvumilia dakika 25.

Mchangiaji, mwandika programu

Kwangu haikufaa. Nikishazama kwenye kazi, kengele inanikata na kurudi ni shida. Naitumia kuanzia tu, nikishaingia nazima.

Mchangiaji, mwalimu mstaafu

Nimefundisha muda mrefu, wanangu, na nawaambia kwamba tarehe moja ya mwisho ni mtego. Ukimpa mwanafunzi insha ya kuleta mwisho wa muhula, ataianza wiki ya mwisho, awe hodari au dhaifu. Mimi nilidai kichwa cha insha kwanza, kisha hoja kuu, kisha rasimu, kila kimoja na siku yake. Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walichapisha utafiti mwaka 2002 ulioonyesha kuwa waliopewa tarehe zilizosambazwa sawasawa walifanya vizuri kuliko walioachiwa tarehe moja ya mwisho, na waliojipangia wenyewe hawakujipangia kwa ubora huo. Kwa hiyo usijitegemee peke yako. Mwombe mtu unayemheshimu akupangie siku ya kumwonyesha kazi ikiwa nusu.

Mchangiaji, muuguzi

Shikamoo mwalimu. Naongeza tahadhari. Kama mtu anashindwa kuanza hata mambo anayoyapenda, usingizi umeharibika na hali hiyo haiondoki, asitafute mbinu ya ratiba. Huenda ni sonona au tatizo jingine la afya, na linatibika. Amwone daktari. Nimeona watu wakijiita wavivu wakati walikuwa wagonjwa.

Mchangiaji mgeni

Samahani kuingilia. Langu siyo kazi. Kuna ndugu aliniandikia akiniuliza jambo la muhimu, sikumjibu siku hiyo, na kila nikichelewa naona aibu zaidi, na aibu inanichelewesha tena. Nifanyeje?

Mleta mada

Ndugu yangu, karibu sana. Kwanza jisamehe, na nasema hivi kwa sababu ina kazi yake. Michael Wohl na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010, waliona kuwa wanafunzi waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kuelekea uliofuata. Aibu ndiyo inayofanya jina lake kwenye simu liwe zito.

Kisha andika hivi: "Samahani kwa ukimya wangu. Kuhusu lile uliloniuliza, jibu langu ni hili." Halafu jibu swali lake. Usianze kueleza kwa nini ulichelewa. Hayo maelezo ndiyo yanayokukwamisha, maana unatafuta sababu kubwa inayolingana na urefu wa ukimya, na huipati. Akitaka kujua atakuuliza, na wakati huo mtakuwa mnazungumza tayari.