Nina kifafa, mwanangu ana usonji, na tunatamani mtoto wa pili: naomba ushauri kuhusu dawa

MamaTabata aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Tabata na mume wangu pamoja na mtoto wetu wa kiume wa miaka minne, ambaye madaktari wametueleza kuwa ana usonji (autism). Mimi nina kifafa tangu nikiwa shule ya msingi, na ninatumia sodiamu valproeti, dawa iliyonituliza hata sijaanguka kwa muda mrefu. Niliitumia kipindi chote cha ujauzito, na katika zahanati niliyohudhuria hakuna aliyenieleza kuwa ina tatizo. Katika ujauzito huohuo niliugua malaria, homa ikapanda sana, nikameza parasitamoli.

Tangu rais wa Marekani atangaze Septemba 2025 kwamba parasitamoli inahusiana na usonji, mawifi zangu wameshikilia kuwa vidonge vile ndivyo vilivyomharibu mtoto. Neno hilo linaniumiza, kwa sababu mwanangu hajaharibika. Ninachoomba kufahamu ni iwapo dawa hizi zilichangia kweli, na iwapo niache dawa ya kifafa kabla ya kubeba ujauzito mwingine.

Mfamasia_Ilala alijibu:

Dada, pole, na umefanya vyema kuuliza mapema. Tafadhali usiache valproeti kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa maana mtu anayeikatisha ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hali hiyo huua.

Kuhusu parasitamoli, utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2024 ulifuatilia watoto wapatao milioni 2.5 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019. Walipolinganishwa watoto kwa ujumla, ilionekana tofauti ndogo. Lakini walipolinganishwa ndugu wa mama mmoja, mmoja mama akiwa ameitumia dawa na mwingine hakuitumia, tofauti hiyo haikuonekana tena. Hiyo inaashiria kwamba kilichokuwa kikionekana kilitokana na mambo ambayo ndugu hao wanayashiriki, kama vile urithi na afya ya mama, wala si kidonge. Shirika la Afya Duniani nalo lilitamka Septemba hiyohiyo ya 2025 kuwa hakuna ushahidi wa uhakika wa uhusiano huo. Homa kali ya malaria, kwa upande wake, ni hatari ya kweli kwa mjamzito na kwa mtoto aliye tumboni, na ulikuwa na haki ya kuishusha.

Valproeti ni habari nyingine, na sitakuficha. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2013, uliohusisha watoto 655,615, ulikadiria uwezekano wa usonji kuwa asilimia 4.42 kwa waliofikiwa na valproeti tumboni, dhidi ya asilimia 1.53 kwa watoto wote. Maana yake ni kwamba dawa hii inaongeza uwezekano, na bado wengi mno wa watoto hao hawakuwa na usonji. Kwa hiyo hakuna daktari anayeweza kukuambia kwa hakika kwamba ndiyo iliyosababisha kwa mwanao. Inafahamika kuwa valproeti huzuia vimeng'enya vinavyosaidia kufunga baadhi ya jeni zisifanye kazi, na ubongo unapojengwa, jeni kufunguka wakati usiofaa kunaweza kuvuruga mpangilio wake. Wakati wenyewe una uzito mkubwa. Huko Sweden, miongoni mwa watu 100 waliodhurika tumboni na thalidomaidi, dawa ya zamani iliyolemaza watoto wa wajawazito walioitumia, wanne waligundulika kuwa na usonji, na wote walikuwa wamefikiwa na dawa hiyo kati ya siku ya 20 na ya 24 tangu mimba kutungwa. Siku hizo wanawake wengi hata hawajajua kama ni wajawazito, na ndiyo sababu mazungumzo haya ni ya kabla ya ujauzito.

BiZuhura_Mbagala alijibu:

Mwanangu, mimi katika ujauzito wa binti yangu sikumeza chochote zaidi ya vidonge vya kuongeza damu, naye ana usonji. Uchunguzi mkubwa wa nchi tano uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa takriban asilimia 80 ya tofauti za watu katika usonji hutokana na urithi, na urithi una pande mbili, upande wa mawifi ukiwemo. Nenda kliniki na mumeo, asikie mwenyewe kwa daktari, kisha yeye ndiye azungumze na dada zake.

MamaTabata aliandika:

Nawashukuru sana, nimesoma huku nikilia. Je, ipo dawa nyingine?

Mfamasia_Ilala alijibu:

Ipo, na inayozungumzwa zaidi ni lamotrijini. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2024, hadi umri wa miaka minane usonji ulikadiriwa kwa asilimia 10.5 ya waliofikiwa na valproeti, asilimia 4.1 kwa lamotrijini, na asilimia 4.2 kwa watoto ambao mama zao wana kifafa lakini hawakutumia dawa. Hata hivyo, valproeti huchelewesha lamotrijini kutoka mwilini, hivyo daktari huipandisha polepole kwa wiki kadhaa. Ikiharakishwa, ngozi inaweza kuchubuka vibaya. Uwe na uzazi wa mpango kipindi hicho, na umweleze mhudumu dawa unazotumia, kwa sababu vidonge vyenye estrojeni hupunguza lamotrijini mwilini. Wapo pia ambao kifafa chao hutulizwa na valproeti peke yake, na hao hupangiwa dozi ndogo kabisa inayofaa.

Kwa kuwa uko Tabata, anzia hospitali ya Amana uombe rufaa ya kwenda hospitali ya Muhimbili kwa bingwa wa mishipa ya fahamu. Atakuandikia pia asidi ya foliki kabla hujashika ujauzito, na kwa wenye kifafa mara nyingi huwa miligramu 5 kwa siku. Utakapoanza kupewa SP ya kukinga malaria kliniki, mwoneshe muuguzi dozi hiyo, kwa sababu asidi ya foliki ya kiwango hicho hudhoofisha nguvu ya SP, na ni lazima wao ndio wapange zisigongane.