Kwarteti ya Philip Glass: programu inasema 192 na C meja, nijaze nini?

Mpanga_Rekodi
Salaam wakuu. Najaza kasi, ufunguo na hali (yaani hisia ya muziki) kwenye faili za muziki. Nimekwama kwenye kwarteti ya pili (fidla mbili, viola na selo) ya mtunzi Philip Glass, Company, iliyopigwa na kundi la Kronos Quartet (lebo ya Nonesuch, 1995). Kipande cha kwanza programu inasoma mapigo 192 kwa dakika, C meja, hali "changamfu". Cha pili inasoma 80. Sikio langu linakataa: cha kwanza kimetulia, cha pili ndicho kinachokimbia. Nihakikishe vipi?

FidlaMbili
Mkuu, sikio lako liko sahihi. Vipande vinne vya Company havina majina, vinatambulishwa kwa kasi tu: robo nota (pigo moja) = 96, 160, 96, 160 kwa dakika. Programu imezidisha cha kwanza mara mbili na kukata cha pili nusu. Upinde hauna mshindo kama ngoma, sauti inaingia kwa kupanda taratibu, hivyo programu hushika nota ndogo zinazojirudia badala ya pigo lenyewe. Kwa Glass kuna mtego mwingine pia, matatu dhidi ya mawili: sauti moja inapiga nota tatu wakati nyingine inapiga mbili. Kasi ya 96 ikisomwa 144, gawa kwa 1.5.

Kuhakikisha: fungua faili kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), hesabu mapigo 64, pima sekunde kutoka la kwanza hadi mwanzo wa la 65, kisha 64 × 60 gawa kwa sekunde hizo. Kwa 96 utapata sekunde 40, kwa 160 sekunde 24. Usipime mapigo manne tu: hayo ni sekunde 2.5, na ukikosea sehemu ya kumi ya sekunde jibu linaruka hadi 92 au 100. Kwenye mapigo 64 kosa lile lile halifiki hata robo ya pigo kwa dakika. Rudia sehemu mbili tatu, maana wapigaji ni watu, wanavuta na kulegeza.

Selo_ya_Chini
Naongezea ufunguo. Jaza A maina. C meja na A maina zina nota zile zile, na programu inahesabu nota tu, haijui nyumbani ni wapi. Kwa lugha ya kwaya: Do ni C, lakini wimbo unakaa kwenye La. Muziki wa namna hii mara nyingi haupiti ile "se" (G#) ambayo ingemaliza ubishi, kwa hiyo sikiliza selo mzunguko unapoanza upya. Inapotua ndipo kwao.

Ukitaka kuona kwa macho, tumia uchambuzi wa masafa wa Audacity, ila weka ukubwa wa dirisha (idadi ya sampuli za sauti zinazopimwa kwa mkupuo) 16384 au zaidi. Ukiacha 2048 kwa faili ya sampuli 44100 kwa sekunde, kila hatua ni Hz 21.5, wakati kati ya A ya Hz 110 na nota inayoifuata kuna Hz 6.5 tu. Besi yote inachanganyika.

FidlaMbili
Na kama faili imetoka kwenye santuri au kaseti, linganisha kasi na ufunguo kwa pamoja. Ukipata B bapa maina na mapigo karibu 101.7, mashine ya kuchezea ilizunguka haraka kwa nusu toni, yaani asilimia 5.9. Kasi ikiwa sawa na sauti imepanda kidogo tu, chini ya sehemu ya kumi ya nusu toni, hiyo ni vyombo vilivyolinganishwa kwa A ya Hz 442 badala ya 440. Usiirekebishe.

Mpanga_Rekodi
Ahsanteni sana. Na hali? "Huzuni" inatosha?

Selo_ya_Chini
Haitoshi, ndugu. Glass aliitunga 1983 kwa onyesho la jukwaani la maandishi ya mwandishi Samuel Beckett, yenye jina hilo hilo la Company: mtu amelala chali gizani akisikia sauti. Vipande hivi viliwekwa katika mapengo ya maneno. Ningeandika "upweke, tafakuri" kwa 1 na 3, na "wasiwasi, msukumo" kwa 2 na 4. "Changamfu" ilitokana na ile 192, kwani programu nyingi hupima hali kwa kasi na ukubwa wa sauti. Kwa hiyo sahihisha kasi kwanza, kisha andika hali kwa mkono, kipande kwa kipande. Usiweke neno moja kwa kwarteti nzima: ni dakika nane hivi tu, lakini inageuka mara tatu.