Mwanangu ana hali ya Down na anazidi kunenepa: nimwanzishie mchezo gani?

Mama Baraka, Umoja
Wazazi wenzangu, hamjambo? Kijana wangu ana miaka 11, ana hali ya Down (Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulemavu wa akili) na anasoma kitengo maalum cha watoto wenye ulemavu hapa Eastlands, Nairobi. Tangu mwaka jana tumbo limekua, na tukipanda ngazi za ploti anahema na kuketi njiani. Kliniki moja waliniambia nimpunguzie ugali, wakaishia hapo. Lakini anakula sahani sawa na dadake, na dadake ni mwembamba! Anapenda mpira kupita kiasi, ila wavulana wa mtaani humweka golini kidogo tu kisha wanamtoa. Babake naye anaogopa ataumia. Kuna aliyeona michezo ikimsaidia mtoto kama huyu?

Baba Pacha, Kayole
Mama Baraka, usimtoe uwanjani. Binti yangu ana ulemavu wa akili na alianza na kudensi nyumbani, kisha kuruka kamba. Kilo hazikushuka sana, lakini sketi za shule zilianza kumlegea kiunoni na usiku analala vizuri.

Tibamaungo
Mama, hujakosea kumlisha. Watoto wengi wenye hali ya Down miili yao huchoma nishati kidogo wakiwa wametulia, misuli yao ni milegevu, na tezi ya thairoidi (ile ya shingoni inayoongoza mwili kutumia nishati) mara nyingi huwa dhaifu. Ndiyo maana sahani ile ile haileti mwili ule ule. Omba apimwe damu kwa ajili ya thairoidi, na moyo pia, kwa sababu karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo.

Kuhusu hofu ya babake: ina msingi. Mifupa miwili ya juu ya shingo inaweza kuwa imelegea. Kabla daktari hajamwangalia, asipige mpira kwa kichwa, asipige sarakasi, asijitose kwenye bwawa akitanguliza kichwa. Ukiona mwendo umebadilika, shingo inauma, mikono inakosa nguvu au ameanza kujikojolea ghafla, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Vinginevyo, kukimbia na kupiga mpira kwa mguu kunamfaa.

Tena usiishi kwa mizani. Mizani haitofautishi mafuta na misuli. Chukua futi ya fundi cherehani, mpime kiuno mara moja kwa mwezi. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu wake, ni vizuri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17, wenye ulemavu wakiwemo, wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Anza na 10, uongeze polepole.

Mwalimu wa Kitengo
Nakubaliana. Uliza shuleni kuhusu Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili. Ilianza Chicago mwaka 1968, na Kenya ipo. Kushindana ni kuanzia miaka 8, kwa hivyo umri wake unaruhusu, na kuna timu zinazochanganya wenye ulemavu wa akili na wasio nao. Ukimfundisha, mwonyeshe kwa vitendo, agizo moja kwa wakati, kwa mpangilio ule ule kila siku. Maelezo marefu humchosha kabla hajagusa mpira.

Njeri wa Zimmerman
Chakula nacho msikipuuze jamani. Mazoezi hayashindi soda na mandazi ya shosho kila jioni. Na tafadhali, tusiwape peremende kama zawadi ya kukimbia! Mpe kipenga apulize, atafurahi vivyo hivyo.

Mama Baraka, Umoja
Asanteni sana, nimepumua. Babake amesoma hapo kwa shingo, amekubali mpira wa miguu bila vichwa, baada ya vipimo. Sasa nani anajua uwanja upande wa Umoja au Donholm ambapo atapewa mpira kweli?

Baba Pacha, Kayole
Niandikie faraghani. Tunacheza Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Akishapimwa, mlete na dadake, tunachanganya timu.