Naomba ushauri: mtaala gani wa prekalkulasi kwa binti wa miaka 16 anayesoma nyumbani?

MamaKalamu (mleta uzi)

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari zenu. Binti yangu ana miaka 16 na namsomesha nyumbani. Amemaliza aljebra ya pili na jometri, sasa ni zamu ya prekalkulasi, zile hesabu za kumwandaa kwa kalkulasi: funksheni, polinomia, logarithimu, trigonometria, vekta na nyinginezo. Anataka uhandisi, kwa hiyo naogopa kubahatisha.

Mwaka jana tulilipia masomo ya video. Mwalimu anaeleza vizuri, binti anaitikia kwa kichwa, anajibu maswali matano ya kuchagua, anapata yote, anasonga mbele. Baada ya mwezi nikampa swali la somo lilelile kwenye karatasi tupu. Akashika penseli akabaki anaitazama karatasi. Siwafichi, iliniuma sana.

Mimi mwenyewe hesabu zangu ziliishia kwenye milinganyo ya kipeo cha pili, akikwama siwezi kumkwamua. Nimeangalia vitabu vya OpenStax, Saxon na Art of Problem Solving, na tovuti ya Khan Academy yenye video na mazoezi. Tuna kama miezi tisa. Nichukue upi?

ChakiNyeupe

Dada, mpime kwanza, kitabu baadaye. Nimefundisha hisabati miaka mingi, na wengi niliowaona wakianguka prekalkulasi waliangushwa na aljebra. Trigonometria ndiyo inasingiziwa tu.

Mpe karatasi, mnyime kikokotoo. Mwambie atatue 2x² − 5x − 3 = 0. Aunganishe 1/x + 1/(x+1) iwe sehemu moja. Kama f(x) = x² + 1, aandike f(a+h) na kuifungua. Arahisishe (x² − 9)/(x − 3), kisha aseme kuna nini x ikiwa 3. La mwisho: je, √(x² + 9) ni sawa na x + 3? Akisema ndiyo au hapana, aeleze sababu.

Usimsaidie wala usimharakishe. Urudi hapa na alichoandika, si alama tu. Makosa yenyewe ndiyo yatakayotuambia mtaala gani unamfaa.

BabaMapacha

Mimi nilitumia OpenStax na wanangu wawili. Ni bure, una sura 12, na ya mwisho inagusa mwanzo wa kalkulasi. Jambo la kujua mapema: majibu yaliyo nyuma ya kitabu ni ya maswali ya namba witiri. Kwa hiyo wape hayo wajisahihishe wenyewe, na yale ya shufwa uyaweke akiba kwa mtihani.

Sura zote 12 si lazima. Msikimbie funksheni, vipeo na logarithimu, na trigonometria. Hizo ndizo kalkulasi itakazozidai kila siku. Sisi sura ya mfuatano na uwezekano tuliipitia haraka, na walipoanza kalkulasi hawakuitafuta.

Pembenne

Naomba nitofautiane kidogo na wanaosema Art of Problem Solving ndiyo bora kuliko zote. Ni nzuri mno kwa mtoto anayependa kuhangaika na swali, maana inamtupia swali kwanza, maelezo baadaye. Ila angalia yaliyomo. Kitabu chao cha prekalkulasi ni trigonometria, namba changamano, vekta na matriksi. Logarithimu wameziweka kwenye kitabu chao cha aljebra kinachotangulia. Ukikinunua ukidhani kina kila kitu, mtoto atabaki na shimo.

Na ukisoma vizuri ulichoandika, mama, binti alielewa siku ile kisha akasahau. Nguvu ya Saxon iko hapo: mazoezi ya kila siku yanachanganya mada ya leo na za nyuma. Hata usipoununua, njia hiyo unaweza kuitumia na kitabu chochote. Maswali sita ya leo, manne ya wiki zilizopita, kila siku, bila kumwambia yametoka sura gani. Kulijua swali ni la aina gani ni nusu ya kazi, na ukimpa sura nzima ya aina moja unamfanyia nusu hiyo.

Kifuniko

Mimi nina moja tu, la radiani, kile kipimo cha pembe, kwa sababu hapo ndipo mwanangu alipoanza kukariri. Chukua kifuniko cha sufuria. Kata uzi ulio sawa na nusukipenyo chake, uulaze kwenye ukingo, weka alama, uulaze tena. Utaingia mara sita na kubaki kipande kidogo. Hiyo ndiyo 2π, yaani kama 6.28. Mwanangu alipouona ule upenyo mdogo uliobaki akasema, "Kumbe radiani ni urefu wa uzi!" Tangu hapo pembe ya nyuzi 180 kuwa radiani π hakuuliza tena.

MamaKalamu

Nimerudi. Mlinganyo ameupata, f(a+h) ameifungua sawasawa. Sehemu alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Ile ya (x² − 9)/(x − 3) aliandika x + 3, kuhusu x ikiwa 3 hakusema kitu. Na √(x² + 9) aliandika "ndiyo, ni x + 3" bila hata kusita. Nikamwambia aweke x = 4. Akapata 5 upande mmoja, 7 upande wa pili. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaomba karatasi nyingine.

ChakiNyeupe

Hiyo karatasi nyingine imenifurahisha kuliko alama zake. Wiki sita za kwanza mrudishe kwenye sehemu za aljebra na vipeuo, na mazoezi ya Khan Academy yatatosha. Video asimamishe kabla mwalimu hajatatua, ajaribu mwenyewe kwanza. Kisha OpenStax kwa mpangilio wa BabaMapacha na mchanganyiko wa Pembenne. Na kwa kuwa wewe huwezi kumkwamua, kila Ijumaa akueleze swali moja kwa sauti, hatua kwa hatua. Ukimuuliza "kwa nini?" akakosa neno, liandike, ndilo la Jumatatu.

MamaKalamu

Ahsanteni sana wote. Tunaanza na sehemu Jumatatu. Uzi na kifuniko ameshavitafuta mwenyewe.