Mwembe wa bibi uko pale pale pa ukumbi

Asalaam aleikum. Najenga nyumba Wete, Pemba. Fundi kasema mwembe ukatwe. Siwezi! Kila baada ya alasiri wazee wa mtaa wanacheza bao chini yake, shina limeng'aa kwa migongo yao. Nifanyeje?

Bi Mkubwa: Waaleikum salaam mwanangu. Uzungushie nyumba, uwe uani.

Mwashi wa Chake: Na hao wazee watapiga hodi kila siku? Jenga umbo la herufi L, baraza ielekee njiani. Msingi usiuchimbe chini ya matawi. Ikibidi, weka nguzo, ukwepe mizizi minene. Wala usimwage zege shinani, mizizi inataka maji na hewa.

Mwuliza: Baraza njiani! Ahsante kaka, nimefarijika. Kesho naenda na kamba kupima.